Hivi mtu wa kawaida anaingiaje hoteli kubwa Malindi kunywa chai tu?

#1 FundiWaMaweni
Salaam wote. Mamangu alifua mashuka kwenye hoteli moja kubwa hapa upande wa bahari mpaka mgongo ukakataa, sasa yuko nyumbani na wajukuu. Juzi tumekaa barazani akaniambia kitu sijawahi kumsikia akikisema, ati miaka yote ile alikuwa akipita mlango wa nyuma na matenga ya nguo, hajui ukikaa kule mbele kwenye viti vya wageni bahari inaonekanaje. Hataki kulala hapo, hataki bafe, anataka kukaa kiti cha mbele aletewe chai. Pesa ya chai ninayo alhamdulillahi. Lakini kila nikipita geti lile namwona askari anasimamisha watu wetu anawauliza wanaenda wapi, na mzungu anapita na ndara zake hata salamu hajibu. Nauliza wanaojua, kuna sheria lazima uwe umelala pale ndo ukae kwenye mkahawa wao? Na mbona sisi ndo tunaosimamishwa? Nisaidieni nisije nikampeleka mama wa watu akaaibishwa getini.

#2 Tuktuk_Silversands
Hakuna sheria hiyo kaka. Mimi nashusha watu kwenye hayo mageti kila siku na kila geti lina tabia yake. Kuna wanaokuandika kwenye kitabu ukapita, kuna wanaopiga simu ndani kwanza, na kuna pengine tuktuk inaachwa barabarani abiria atembee na mizigo yake. Kitabu chenyewe kina jina, kitambulisho, namba ya simu, saa uliyoingia, alafu kuna pale pameandikwa UNAENDA KWA NANI. Hapo ndo watu wetu wanapokwama, mtu anaanza kujikuna kichwa, mara nataka kuona tu, mara nina rafiki. Askari kashakuona huna shughuli. Wewe andika MKAHAWA, rudisha kalamu, pita.

#3 Barobaro_Muyeye
Tuktuk unalifanya jambo jepesi sana. Mimi niliandika hivyo hivyo na nikarudishwa. Nilikuwa na binamu yangu karudi kutoka Saudia, kavaa vizuri, pesa anayo, anataka kunilisha mimi chakula cha mchana. Askari akasema leo mkahawa ni wa wageni wa ndani peke yao. Sawa, tukasimama pale tunapanga twende wapi, wakaja wazungu wawili kutoka barabarani, mmoja miguu mitupu na kaptura inatiririka maji ya chumvi, geti likafunguliwa na saluti juu. Nikamuuliza hao wamelala hapa? Akanijibu sijui. Hajui lakini kafungua!! Kwangu mimi huo ni ubaguzi, na anayeufanya ni ndugu yetu wa damu.

#4 MamaZuu
Pole Barobaro. Fundi mwanangu, kwanza hongera kwa kumfikiria mamako. Mpigie simu meneja wa mkahawa, usiende kwa askari bila jina lako kuwa ndani.

#5 Weta_Mstaafu
Nimebeba trei hoteli za Malindi na Watamu ujana wangu wote kwa hivyo niacheni niseme kidogo.

Barobaro hukukosea uliyoyaona lakini chanzo chake ni hiki. Hoteli zetu nyingi za ufuoni hazikujengwa kwa mteja anayeingia kutoka barabarani. Mgeni analipa kwao, Milan au Roma, tiketi ya ndege, kitanda, chakula, mpaka kinywaji vyote kwa mkupuo, akifika anavishwa bangili ya plastiki mkononi na kuanzia hapo anakula na kunywa bila kutoa shilingi. Kaunta nyingine hata droo ya pesa hawana. Sasa akiingia mtu asiye na bangili mimi weta lazima niandike chiti, chiti iende kwa keshia, keshia yuko mapokezi, mapokezi kuna foleni ya kuingia, na huyo mteja akiondoka bila kulipa zinakatwa kwenye mshahara wangu. Kwa hivyo jikoni hawampendi, kaunta hawampendi, na askari anaambiwa asubuhi kwenye zamu asiye na bangili asipite.

Hapo ndo mambo yanapoharibika. Mzungu asiye na bangili uso wake unahesabiwa bangili. Mswahili mwenye pesa uso wake unahesabiwa hasara. Hilo sitalitetea.

#6 Barobaro_Muyeye
Sa si umesema nilichosema mimi kwa maneno mengi mzee wangu

#7 Weta_Mstaafu
Nimesema kwa nini, kijana. Wewe ulisema nini. Ni vitu viwili.

#8 KatibaMkononi
Jamani mbona mnaomba ruhusa kwa kitu ambacho ni haki yenu? Katiba ya 2010 kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, na sio serikali peke yake, 27(5) inamfunga hata mtu binafsi na kampuni. Na kwenye orodha ya mambo ambayo hutakiwi kumbagua mtu kwayo kuna rangi, kuna asili yake katika jamii, kuna dini, na MAVAZI yametajwa. Mamake Fundi akienda na buibui lake na kandambili hakuna askari mwenye haki ya kumrudisha kwa sababu ya hivyo. Na tena kifungu cha 62 kinasema ufuo ni ardhi ya umma. Mtu apite ufuoni aingie kwa mbele, basi.

#9 Mwalimu_Gede
KatibaMkononi umeanza vizuri umemalizia vibaya mwanangu. 62 inataja ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa, yaani ule mchanga unaofunikwa na maji kila siku. Hiyo ndo ya umma. Ukipanda ngazi za hoteli umeshaingia kwa mwenyewe, na mwenye pahali ana haki ya kukuuliza shughuli yako ilimradi awaulize wote kwa kipimo kimoja. Ukimwambia Fundi apandie ufuoni na mama wa mgongo mbovu unamtafutia makubwa.

Shida halisi ya ufuoni iko kwingine. Bahari ni yetu lakini kuifikia unapita wapi? Vile vijia vya zamani vya wavuvi kati ya kiwanja na kiwanja vingi vimemezwa na kuta. Unasimama barabarani unasikia mawimbi na huna pa kupita. Hapo ndo mngetia nguvu zenu nyinyi vijana wa katiba.

#10 KatibaMkononi
Sawa mwalimu hapo kwenye maji kujaa na kupwa nimekubali. 27 nimeshikilia

#11 Kadzo_Nairobi
Mimi ni wa Malindi lakini nafanya kazi Nairobi na nataka kuwaambia hii shida ya geti ni ya huku pwani zaidi. Hoteli za mjini Nairobi, zile kubwa kabisa, unapitisha mkoba kwenye mashine, unapita mlango wa kupekuliwa kama wa uwanja wa ndege, na ukishapita HAKUNA anayekuuliza kitu. Unakaa lobi hata saa nzima na simu yako. Mara ya kwanza ofisi ilitupeleka semina kwenye moja nilikuwa na hofu tele lakini nilichogundua ni kwamba hoteli ya mjini inaishi kwa watu wanaoingia na kutoka, mikutano, harusi, mawakili wanakutana na wateja, watu wanafunga biashara juu ya kahawa. Hawawezi kujua nani ni nani, na yule aliyevaa jinzi imepauka anaweza kuwa ndo mwenye kulipia ukumbi. Hoteli ya ufuoni inaishi kwa mgeni mmoja aliyelipa wiki mbili. Kwa hivyo Weta Mstaafu naungana na wewe, ni biashara ilivyopangwa.

Mtu akitaka kujifunza kuzoea aanzie Nairobi. Norfolk ipo tangu Krismasi ya 1904 na Stanley nayo ni ya zama hizo hizo, na pale Stanley kuna mkahawa wa Thorn Tree wenye mti katikati, unakaa unakunywa kahawa yako kama mwananchi mwingine yeyote. Au Hilton pale katikati ya mji.

#12 Tuktuk_Silversands
Hilton ya ule mnara wa mviringo? Si ilifungwa dada, mwisho wa 2022

#13 Kadzo_Nairobi
Kweli ilifungwa, ahsante. Inter-Con nayo ilifunga 2020.

#14 Mwalimu_Gede
Kadzo ongeza na hili. Hizo Norfolk unazozitaja leo kwa raha, babu zetu wakati wa mkoloni waliingia wamevaa kanzu nyeupe na mkanda mwekundu, wamebeba trei. Kukaa mezani haikuwa ruhusa. Uhuru umekuja 1963, watu wazima waliokulia chini ya sheria ile bado wako hai. Askari wa Malindi anayemfungulia mzungu bila kumuuliza hajaanza tabia hiyo leo, amerithishwa na mwalimu wake, na mwalimu wake alirithishwa. Kwa hivyo kuna biashara ya Weta Mstaafu na kuna historia, na mimi naiona historia kuwa nzito zaidi.

#15 Charo_wa_Ganda
Nyote mnasahau usalama. Mimi ni askari wa kampuni ya ulinzi, si wa hoteli, na mjue hiyo tofauti maanake mnatutukana sana humu. Hoteli inalipa kampuni, kampuni inanilipa mimi, na likitokea jambo anayefutwa wa kwanza ni mimi wa getini. Mwaka 2003 gari lilivunja geti la hoteli Kikambala likalipuka na watu wakafa, wengi wao Wakenya wenzetu. Tangu hapo geti limekuwa geti. Yakaja mashambulizi ya Westgate na Dusit kule Nairobi. Kila tukio likitokea tunaletewa amri mpya ya karatasi. Mnataka nimpitishe kila mtu alafu kesho nilale ndani?

#16 Mwalimu_Gede
Kikambala ilikuwa tarehe 28 Novemba 2002, Charo, sio 2003. Waliokufa wengi walikuwa Wakenya hapo uko sawa kabisa, wakiwemo wacheza ngoma waliokuja kupokea wageni. Westgate 2013, Dusit Januari 2019.

#17 Barobaro_Muyeye
Kaka Charo heshima kwako na kazi yako ni ngumu. Ila nijibu moja tu. Usalama wa aina gani unaompekua mimi na kitambulisho changu cha Kenya unamwacha yule mwenye kaptura mbichi ambaye hata jina hamkuliandika?

#18 Charo_wa_Ganda
Swali lako ni la haki. Jibu ni kwamba nikimsimamisha mzungu na kumbe ni mgeni wa ndani anaenda kulalamika mapokezi na mimi naitwa. Nikikusimamisha wewe hakuna anayeniita. Siisifu, nakueleza ilivyo.

#19 MamaZuu
Ahsante Charo kwa kusema ukweli.

Mimi niwape upande wa wanawake maana hapa wanaume mmejaa. Msichana wa Malindi akienda hoteli, hata na mumewe, anaombwa kitambulisho mara mbili, getini na mapokezi. Inauma na inadhalilisha. Mimi na mume wangu, ndoa ya halali, tuliulizwa mbele ya watu "huyu ni nani wako". Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini jamani tukumbuke pia hapa kwetu kulikuwa na nini. Mwaka 2006 UNICEF na serikali walitoa ripoti juu ya watoto wanaoharibiwa na utalii wa ngono pwani na Malindi ilikuwa mojawapo ya miji waliyoifanyia utafiti. Baada ya pale hoteli zilibanwa kuhakikisha hakuna mtoto anayeingizwa chumbani. Kitambulisho ndo njia yao ya kujua umefika 18. Sasa mimi mama wa watoto wakubwa kuombwa kitambulisho naudhika, lakini mtoto wa jirani yangu akirudishwa pale getini nashukuru Mungu. Nimekaa katikati na sijui nisimame wapi.

#20 BintMkomani
MamaZuu umenena. Mimi ningetaka wamuulize na yule mzee wa kizungu aliyeandamana naye. Yeye ndo aandikwe kitabuni kwa kalamu nyekundu.

#21 MamaZuu
Hapo hasa!

#22 Nahodha_Shela
Huku Lamu hatuna taabu hizo. Hoteli haina geti la gari kwa sababu gari lenyewe hakuna. Peponi pale Shela iko tangu 1967 na ukishuka botini umeshafika mlangoni, baharia anapita, mgeni anapita, punda anapita. Unakaa, unaagiza, unalipa. Mimi nimekaa pale na wateja wangu wa mashua mara nyingi na sijaulizwa kitu. Nadhani tofauti ni kwamba Lamu nyumba ina baraza, mtu kukaa mbele ya nyumba ya mwenzie ni ada, hata mwenye hoteli akija kutoka Ulaya anaikuta na inambidi aifuate. Malindi mmejenga kuta.

#23 Tuktuk_Silversands
Nahodha hakuna uzi unaopita bila kutuambia Lamu ni pepo 😂 hata ule wa bei ya samli ulituletea Lamu

#24 Nahodha_Shela
Samli ya Lamu ni tamu kweli, hilo halina ubishi

#25 BintMkomani
Ami Nahodha mimi ni wa Mkomani, Lamu hapo hapo, na nakupinga kwa heshima. Wewe unaingia na wateja, unajulikana, unaleta biashara. Mimi na wenzangu wa kike tukienda Shela tukapita kwenye zile nyumba kubwa zilizonunuliwa na wageni, kuta zake ni ndefu kuliko za Malindi, na mchangani tukikaa karibu kijana anatumwa kuja kutuuliza tunangoja nani. Baraza ipo kwa anayejulikana. Na kuna jambo lingine hamjalitaja, hoteli nyingi zinauza pombe na mwanamke wa Lamu akionekana kakaa pale habari inafika mtaa wa Langoni kabla yake. Wengine wetu hatuendi kwa sababu ya nyumbani, askari tutamsingizia tu.

#26 Barobaro_Muyeye
Hiyo ya mwisho ni kweli hata Malindi. Mamangu ataniuliza nilikuwa nafanya nini kule hata nikimwambia nilikunywa sharubati.

#27 FundiWaMaweni
Wakubwa nimesoma zote ahsanteni. Kuhusu hilo la BintMkomani nimemuuliza mamangu akasema yeye kafua mashuka yao hakuna aliyemsema, akikaa kunywa chai ndo asemwe? Kwa hivyo tunaenda. Weta Mstaafu nipe mpango, niseme nini kwenye simu?

#28 Weta_Mstaafu
Piga saa nne asubuhi hivi, chai ya wageni imeisha na mchana bado. Omba mkahawa, usiseme na opereta peke yake. Sema nataka meza ya watu wawili, saa kumi, tutakunywa chai, na nataka upande wa bahari. Uliza mambo matatu: wanapokea watu wasiolala hapo siku hiyo, bei ya menyu ni pamoja na kodi zote, na M-Pesa wanakubali. Chukua jina la uliyesema naye. Ukifika getini unataja jina hilo.

Usiende Disemba mwishoni, wamejaa mpaka kooni. Usiende msimu wa mvua kubwa bila kupiga simu, nyingine hufunga kabisa zikapakwa rangi. Ukikaa mezani utaulizwa maji ya kawaida au ya gesi. Hayo maji ni ya kuuzwa, ukisema ndio tu unaletewa chupa na iko kwenye bili. Kama huyataki sema hapana ahsante, hakuna atakayekuona vibaya. Na ukimuona weta anasimama pembeni hakufukuzi, ndo mahali pake pa kusimama.

#29 Tuktuk_Silversands
Fundi siku hiyo nawapeleka mimi na kurudi nawarudisha, nauli ya kwenda ni yangu. Mama asipande boda na mgongo huo.

#30 Kadzo_Nairobi
Mashallah Tuktuk.

Wakati mnangoja, kuna mtu aeleze kwa nini ni Waitaliano hasa waliojaa Malindi? Nimeulizwa ofisini nikashindwa kujibu.

#31 Charo_wa_Ganda
San Marco. Kituo cha roketi Ngomeni. Walikuja kurusha setilaiti miaka ya sitini wakaona bahari wakabaki, wakaita ndugu zao.

#32 Mwalimu_Gede
San Marco ni kweli, setilaiti ya kwanza kutoka kwenye lile jukwaa la baharini ilirushwa 1967, na tarehe 12 Disemba 1970 wakarusha ya Wamarekani wakaiita Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu. Lakini wahandisi walikuwa wachache, sidhani wao peke yao walijaza mji. Na hoteli zilikuwepo kabla yao, Lawford's ni ya miaka ya 1930 na wateja wake walikuwa Waingereza kutoka mashambani bara. Mimi naona ndege za kukodi ndizo zilizowaleta.

#33 Weta_Mstaafu
Ndege na mali, mwalimu. Mtaliano alikuja mapumziko, akanunua kiwanja, akajenga, akafungua pizeria, na mpishi wake akawa Mgiriama anayeongea Kitaliano kuliko Kiingereza. Mimi mwenyewe Kitaliano nilijifunza mezani, sikuwahi kukaa darasani.

#34 Charo_wa_Ganda
Bado nasema San Marco ndo mlango

#35 FundiWaMaweni
Wandugu tumeenda, tumerudi. Tuktuk Mungu akuzidishie. Getini nilitaja jina, askari akaangalia karatasi yake, akasema karibu mama. Basi, ikaisha hapo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kugombana.

Bahari yenyewe ilikuwa na wekundu wa maji ya Sabaki kwa hizi mvua za vuli, mamangu akacheka akasema siku zote hizi nimengoja nione matope. Lakini hakuangalia bahari sana. Alichukua ile leso ya kitambaa ya mezani akaikunjua, akaipindua akatazama upindo, akapitisha kidole, akaniambia hii imepigwa pasi ikiwa kavu, sisi tulikuwa tunanyunyiza maji kwanza. Weta kijana akasikia, akamuuliza mama ulikuwa dobi hapa? Akaenda akamwita mama mmoja wa huko nyuma aliyefanya naye kazi, wakashikana mikono pale mbele ya wageni. Yule mama alikuwa na aproni na hakuthubutu kukaa, ingawa kiti kilikuwa wazi. Alisimama. Hilo ndo limenikaa moyoni kuliko geti.

Chai birika dogo 450, tulichukua mbili, na keki kipande 500 tukala wawili. Jumla 1,400. Chini ya risiti kuna vimistari vidogo, VAT 16, kingine 2, na servisi chaji. Hivi ni nini, na nikishalipa servisi chaji natakiwa niache bakshishi tena? Niliacha mia mbili.

#36 MamaZuu
Machozi yamenitoka. Mwambie mama nampa salamu.

#37 Barobaro_Muyeye
Nimefurahi kwa ajili ya mama wallahi. Lakini mseme pia, Fundi alihitaji simu, jina, saa na tuktuk ya mtu anayejulikana. Mwenye kaptura mbichi alihitaji nini?

#38 Charo_wa_Ganda
Barobaro hutaliacha hilo

#39 Barobaro_Muyeye
Siliachi

#40 Weta_Mstaafu
Fundi, VAT ni kodi ya serikali. Ile 2 ni ushuru wa utalii, unaenda kwa Tourism Fund, na pesa za ushuru huo ndizo zilizokuwa zikikiendesha chuo cha Utalii kule Nairobi. Hiki chetu cha Vipingo kinachoitwa Ronald Ngala kimejengwa kwa kukokotwa miaka na miaka. Zikiwa ndani ya bei hulipi zaidi, wanakuonyesha tu mgawanyo.

Servisi chaji inatakiwa igawanywe wafanyakazi, na wa nyuma wakiwemo, dobi, jikoni, bustani. Nasema inatakiwa. Bakshishi ni ya mkononi, hulazimiki, na mia mbili yako kwa chai mbili ni heshima nzuri.

#41 Charo_wa_Ganda
Igawanywe na nani? Sisi wa getini wa kampuni hatumo kwenye mgao kabisa.

#42 Kadzo_Nairobi
Hata huku Nairobi nimemuuliza weta mmoja akasema anaiona kwenye payslipu, mwingine hoteli ya jirani akasema hajawahi kuiona. Labda inategemea kama kuna chama. KUDHEIHA, kile chama cha wafanyakazi wa hoteli, wana watu Malindi?

#43 Weta_Mstaafu
Wapo. Zamani zetu tulikuwa na mwakilishi wa chama ndani ya hoteli na hesabu ya mgao ilibandikwa ukutani karibu na chumba cha kubadilishia nguo kila mwisho wa mwezi. Vibarua wa msimu walikuwa hawahesabiwi, na sikuhizi vibarua ndo wengi. Fundi, mamako alikuwa wa kudumu au kibarua?

#44 FundiWaMaweni
Kibarua mpaka mwisho. Anasema karatasi ya ukutani aliiona lakini jina lake halikuwahi kuwepo.

#45 KatibaMkononi
Kibarua wa miaka yote hiyo? Sheria ya kazi ya 2007 kifungu cha 37 inasema kibarua akifanya mfululizo kuanzia mwezi, au kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kuisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa ameajiriwa kwa masharti ya mwezi. Fundi ana karatasi zozote, kadi ya NSSF ule mfuko wa akiba ya uzeeni, vocha za malipo?

#46 Mwalimu_Gede
Pole pole na hilo KatibaMkononi, madai ya kazi yana muda wake, sheria hiyo hiyo inataja miaka mitatu. Fundi, mama aliacha lini?

#47 FundiWaMaweni
Kabla ya korona. Karatasi nitamuuliza kesho, kuna mkoba wake wa zamani juu ya kabati.

#48 BintMkomani
Hata muda ukiwa umepita NSSF aiulizie, michango yake kama walikata ni yake. Aende na kitambulisho ofisini.

#49 Tuktuk_Silversands
Ofisini nawapeleka pia. Nipigie tu asubuhi kabla sijaanza kazi ya watoto wa shule.